Levin ya 1.5 au ya 1.6: usianze na cc

“Assalaam alaykum fundi. Mimi ni kijana wa miaka 26, nakaa Fuoni na nafanya kazi hotelini Paje, naenda na kurudi kila siku. Nimekusanya milioni 10 na nataka kununua Toyota Corolla Levin ya milango miwili, ya mwaka 1997 au 1998, niitengeneze taratibu: niishushe, niweke rimu za 17, nibadilishe eksozi, na baadaye niongeze nguvu ya injini. Nimepata mbili. Ya kwanza ni 1.5 otomatiki, bodi safi, mwenyewe anataka milioni 7.5. Ya pili ni 1.6 ya valvu 20, gia za mkono, imepigwa rangi upya, anataka milioni 9. Hii asubuhi ikiwashwa inatoa moshi kidogo na inagonga kama dizeli, halafu inatulia. Shemeji yangu ananambia cc kubwa ndiyo nguvu, nisipoteze muda na 1.5. Rafiki yangu anasema nichukue 1.5 nifunge turbo, au nitafute injini ya 1.8 ya Premio niipachike. Nichukue ipi?”

Waalaykum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla hujatoa arubuni.

Ninavyokuelewa, hofu yako ni kununua injini ndogo, ukatia pesa zako zote kuipamba gari, halafu ukajuta kila unapopitwa njiani. Hofu hiyo ina msingi. Lakini swali la 1.5 au 1.6 halitakutoa humo, kwa sababu tofauti kubwa ya gari hizo mbili haiko kwenye ukubwa wa injini. Na kwa hali ulivyonieleza, hakuna hata moja kati yao ambayo ningekwambia ukailipie kesho. Nitakueleza kwa nini, na nitakutajia gari ya tatu ambayo hukuitaja.

Tuanze na shemeji yako. Injini ya ile 1.5 inaitwa 5A-FE na ujazo wake halisi ni cc 1,498. Ya ile ya valvu 20 ni 4A-GE, ujazo cc 1,587. Zimepishana cc 89 tu, yaani asilimia 6 hivi. Ukizifungua, pistoni za zote mbili zinasafiri masafa yale yale, milimita 77 kutoka juu hadi chini. Kilichoongezeka ni upana wa silinda, kutoka milimita 78.7 hadi 81. Sasa tazama nguvu ambayo Toyota iliitangaza kule Japani: 5A-FE ina nguvu farasi 100, na 4A-GE ya valvu 20 iliyofungwa kwenye Levin za miaka hiyo ina 165. Ujazo umeongezeka kwa asilimia 6, nguvu kwa asilimia 65. Kwa hiyo nguvu hiyo haikutoka kwenye cc.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na wengine hawalijui. Levin za kizazi hicho, zilizouzwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000, zina injini mbili tofauti za 1.6. Iko hiyo 4A-GE, na iko 4A-FE yenye nguvu farasi 115. Ujazo ni ule ule, cc 1,587, lakini zinapishana farasi 50. Mtu akikwambia “hii ni 1.6” bado hajakwambia kitu. Na ile 1.8 anayoisifu rafiki yako, 7A-FE ya kwenye Corona Premio, ina cc 1,762, ndiyo kubwa kuliko zote hapa, na bado haifiki farasi 125.

Basi nguvu inatoka wapi? Injini inatengeneza nguvu kwa kuchoma hewa iliyochanganyika na petroli, na petroli si kazi kuiongeza. Kazi ni hewa. Ujazo wa silinda unakwambia nafasi iliyopo, lakini haukwambii hewa inaingia kwa wepesi gani, wala inaingia na kutoka mara ngapi kwa dakika. Mtu mwenye mapafu makubwa na pua iliyoziba hawezi kukimbia. Kwenye injini, pua ni silinda hedi: njia za hewa, idadi ya valvu, pembe zilizokaa, na jinsi kamshafti inavyozifungua.

Hapo ndipo herufi zinapokusaidia. Kwa Toyota za zama hizo, F baada ya kistari ni hedi iliyokusudiwa matumizi ya kila siku: valvu zimesimama karibu karibu, mkanda wa taiming unazungusha kamshafti moja tu, na hiyo inaizungusha nyenzake kwa meno. Ni hedi nyembamba, haina makuu, inabana mafuta. G ni hedi ya nguvu: valvu zimetanuka, kila kamshafti ina gurudumu lake kwenye mkanda, na njia za hewa ni pana. Kwenye hiyo ya valvu 20, kila silinda ina valvu tano, tatu za kuingiza na mbili za kutoa, na kila silinda ina throtoli yake (kile kilango kinachofungulia hewa) peke yake badala ya kugombania moja. Herufi E inakwambia tu kwamba petroli inapulizwa kwa umeme, haina kabureta.

Hedi ya namna hiyo inalipa pale injini inapozunguka kwa kasi, na hili nataka ulitafakari sana kwa sababu linahusu njia yako ya Paje. 5A-FE inafikia kilele cha nguvu yake kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika. 4A-GE inakifikia kwenye 7,800. Ukipiga hesabu, nguvu ya kuvuta imeongezeka chini ya asilimia 20. Sehemu kubwa ya zile farasi 65 za ziada imetokana na mizunguko. Maana yake ni kwamba ile injini inaonyesha uzuri wake mshale ukiwa umepita 5,500, wewe umeng’ang’ania gia ya pili au ya tatu na hujabadilisha. Chini ya hapo ni gari nzuri ya 1.6 na basi.

Sasa hesabu ni wapi kati ya Fuoni na Paje utafika huko. Fuoni yenyewe ni daladala, bodaboda na watoto wa skuli. Tunguu panafunguka kidogo. Ukifika Jozani kuna matuta, na yamewekwa kwa sababu nzuri, maana kima punju walikuwa wanagongwa pale. Baada ya hapo una vipande vya njia iliyonyooka, na pembeni kuna vijiji na watu wanaovuka. Sikwambii gari hiyo haina raha hapa kwetu. Inayo, na mwenye kuipenda hupenda hata sauti yake tu ya kunyonya hewa. Nakwambia ujue unalipia kitu utakachokionja kwa sekunde chache kila siku, halafu unakilisha petroli safari nzima.

Na petroli yenyewe ni suala. Kadiri injini inavyobana mchanganyiko kabla ya kuuwasha, ndivyo inavyotaka petroli inayostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Kustahimili huko ndiko kunakopimwa kwa okteni. 5A-FE inabana kwa uwiano wa 9.8 kwa 1, na kule Japani ilikusudiwa petroli ya kawaida, ambayo okteni yake ni karibu 90. 4A-GE inabana kwa 11 kwa 1, na ilikusudiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kule inakaribia 100. Ukiitia okteni ya chini haitakufa siku hiyo. Ina kihisio kinachosikia mgongano wa mlipuko huo, na kontrol boksi (kompyuta ya injini) inarudisha nyuma wakati wa kuwasha plagi ili kuinusuru. Lakini kila ikirudisha, nguvu inapungua na joto linapanda, kwa hiyo zile farasi 165 ulizolipia hazipo zote. Ukiinunua, tafuta kituo kimoja chenye petroli nzuri ushikamane nacho, soma daraja lililoandikwa kwenye pampu, na usinunue petroli ya kwenye chupa njiani.

Rafiki yako na turbo. Nalisema hili kwa upole, kwa sababu kila kijana hulipitia. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mchanganyiko unabanwa mara mbili: kwanza na turbo, kisha na pistoni. Injini iliyokwisha kubana kwa 9.8 haina nafasi kubwa ya kuongezewa. Toyota wenyewe walipofunga sapachaja, yaani kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe, kwenye injini ya ukoo huu, ile 4A-GZE ya Levin ya kizazi kilichotangulia, walishusha uwiano wa kubana (kompresheni) hadi 8.9, wakabadilisha pistoni, wakaipa kontrol boksi yake na mfumo wa kupoza hewa. Baada ya kazi yote hiyo wakapata farasi 170, yaani tano tu zaidi ya hiyo ya valvu 20 isiyo na sapachaja. Ukifunga turbo ya mtumba juu ya 5A-FE iliyokwisha tembea miaka 25, na kontrol boksi ya asili isiyojua kwamba hewa imeongezeka, mchanganyiko utakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, pistoni zitapata moto na zitatoboka au ringi zitavunjika. Si suala la kama. Ni suala la lini. Kufanya turbo ipasavyo kutakula pesa nyingi kuliko thamani ya gari yenyewe, na hapa visiwani mwenye vifaa vya kuipimia na kuirekebisha si wa kumuokota tu mtaani.

Wazo la 1.8 si la kipuuzi, hilo namkubalia. 7A ni ndugu wa damu wa injini hizi, mishikio inakubaliana, na pistoni zake zinasafiri milimita 85.5, kwa hiyo inavuta vizuri kutoka chini, na huo ndio mvuto unaohitajika njia ya Paje. Lakini ukiitoa kwenye Premio itoe na kontrol boksi yake na waya zake zote, maana nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kuchoma mchanganyiko mwembamba ili kubana mafuta, na haziendi sawa na kontrol boksi ya injini nyingine. Halafu jumlisha: injini ya mtumba ambayo huijui historia yake, ufundi, oili na gasketi na mabomba, siku ambazo huna gari ya kwendea kazini. Na kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na ujazo wake, kwa hiyo lazima uende ofisi ya usajili ikabadilishwe, na bima yako ijue. Ajali ikitokea na injini iliyomo siyo iliyo kwenye kadi, usitegemee bima ikusikilize. Kununua gari kwa nia ya kuing’oa injini ni njia ya mtu ambaye tayari ana gari nyingine ya kutembelea.

Tuje kwenye hiyo ya milioni 9, ambayo najua moyo wako uko kwake.

Kule kugonga kama dizeli kwa muda mfupi asubuhi ni ugonjwa unaojulikana wa injini hii. Mbele ya kamshafti ya kuingiza hewa kuna gurudumu linalobadilisha wakati wa kufungua valvu kwa shinikizo la oili. Likichakaa, hugonga mpaka oili ifike. Si kifo cha injini, ingawa spea yake utaiagiza na kuisubiri. Lakini kugonga kwa bering za krenki shafti nako huanza hivyo hivyo asubuhi, na huko ndiko kifo. Kwa sikio la fundi aliyezoea, wa gurudumu ni mlio mkavu na mwepesi, unatoka juu, upande wa mkanda. Wa bering ni mzito, unatoka chini, na unarudi ukikanyaga mafuta gari ikiwa na mzigo. Kwa maandishi siwezi kukwambia yako ni upi. Lazima isikilizwe.

Moshi hukunieleza rangi yake. Ukiwa wa buluu, injini inachoma oili. Ukitoka asubuhi tu kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, oili imechuruzika usiku kucha, hilo linatengenezeka. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta kupanda kilima, ni ringi na silinda, na hapo unazungumzia kufungua injini nzima. Ukiwa mweupe mzito na haukati, maji ya rejeta yanaingia ndani.

Nenda asubuhi bila ya kumpa muuzaji muda wa kuiandaa. Kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, ameshaiwasha, na kile alichokuficha ndicho ulichokwenda kukiona. Rudi siku nyingine.

Kisha itakiwe ipimwe kompresheni. Injini ipate moto, plagi zote nne zitolewe, throtoli ifunguliwe mpaka mwisho, fundi aingize geji silinda moja moja huku unapiga stata. Utapata namba nne. Ziandike. Zikipishana zaidi ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba, au psi 14 kama geji ni ya Kiingereza, kuna silinda inayovuja. Fundi akiidondoshea oili kidogo hiyo silinda na namba ikapanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Muuzaji akikataa gari yake kupimwa, mshukuru na uondoke; hapo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye gari hiyo, niseme kweli, ni rangi mpya. Sisi tunaishi ndani ya chumvi. Gari iliyokaa miaka ufukweni kwetu huliwa kuanzia chini na ndani, na rangi mpya hufunika kile kilicholiwa. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini usikwaruze, uipitishe kwenye vizingiti vya milango, kwenye matao ya magurudumu, na pembe za chini za milango. Pale inapoteleza bila kushika, chini ya rangi kuna fila na hakuna bati. Fungua boneti utazame juu ya minara ya shokapu, pande zote mbili; inua zulia la buti, toa tairi ya akiba, tia mkono kwenye shimo lake. Kutu ya juu juu ni ya kawaida. Kutu iliyotoboka kwenye minara ya shokapu au kwenye mihimili ya chini sikushauri uichukue gari hata ukipunguziwa nusu, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazobeba gari ikiruka tuta na ndizo zinazokulinda ikigongwa. Injini iliyochoka unaweza kuitoa ukaweka nyingine. Bodi iliyooza ndiyo gari yenyewe imeoza.

Angalia pia rejeta. Maji ya visima vyetu vingi yanapita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, na karibu na pwani yana chumvi. Mtu aliyejaza rejeta maji ya kisima miaka yote ameacha ukoko ndani ya njia za kupozea, na injini yenye kompresheni ya 11 haisamehe joto. Maji yenye rangi ya chai ya kutu ni jibu tosha.

Hiyo 1.5 otomatiki nina machache ya kusema. Bodi safi ni mtaji mkubwa, na 5A-FE ndiyo iliyomo kwenye Carina Ti na Corolla 110 nyingi zinazotembea hapa, kwa hiyo spea zipo na hakuna fundi wa Mwanakwerekwe asiyeifahamu. Lakini ni otomatiki. Kuibadilisha iwe ya gia za mkono kunataka giaboksi, pedali, klachi, shafti, mishikio na waya, na ukimaliza bado una farasi 100. Inunue ikiwa unaipenda kama ilivyo: gari nzuri ya milango miwili, iliyoshushwa kidogo, safi, inayokufikisha kazini na kukubakishia pesa. Ukiinunua huku moyoni unasema “baadaye nitaigeuza iwe nyingine”, usiinunue.

Gari ya tatu ni ile 1.6 ya 4A-FE yenye gia za mkono. Kwa maisha yako ulivyonieleza, gari moja, safari ya Paje kila siku, milioni 10 zote ndani, hii ndiyo ningeitafuta mimi. Ina farasi 115, inakunywa petroli ya kawaida bila manung’uniko, ndani yake ni ndugu wa injini ambazo mafundi wetu wanazifungua kila siku, na kwa uzito wa Levin, ambao ni tani moja na ushei, gia za mkono zinaifanya ichangamke. Huwa haisifiwi kijiweni, kwa hiyo bei yake hupoa. Usikubali neno la mdomo: namba ya chesisi ikianza na AE110 ni 1.5, ikianza na AE111 ni 1.6, na kibati kilicho chini ya boneti kina jina la injini. Soma kama ni 4A-FE au 4A-GE, kisha soma na herufi zilizopigwa kwenye bloku yenyewe, maana injini hubadilishwa. Ukikosa Unguja uliza Pemba, na Dar es Salaam pia, ila ukileta kutoka bara ulizia mapema kwa wakala wa forodha gharama za kuisajili hapa.

Na ikiwa hiyo ya valvu 20 itapita vipimo vyote, bodi nzima, namba nne zinakaribiana, mlio ni wa gurudumu la juu tu? Basi ni gari ya kutamaniwa, na sitakuzuia. Ila si kwa milioni 9. Utabaki na milioni moja, na gari ya umri huo isiyokuwa na kumbukumbu za matengenezo inataka siku ya kwanza mkanda wa taiming na pampu ya maji, oili zote, mipira ya maji, breki, na pengine tairi. Lenga ununue kwa kiasi kitakachokuachia angalau milioni 3 mkononi, kwa gari yoyote utakayochagua. Akikataa kushuka, mwache.

Kuhusu mipango yako mingine nitakwenda haraka, isipokuwa rimu. Tairi ya asili ya Levin nyingi za valvu 20 ni 195/55 ya inchi 15. Ukitaka 17 bila kuharibu kipimo cha mwendo, tairi inayolingana kimo ni 205/40. Lakini ubavu wa tairi unashuka kutoka milimita 107 hadi 82, na ubavu ndio unaopokea mashimo na matuta badala ya rimu na bushi zako. Na rimu kubwa nyingi ni nzito, kwa hiyo injini ndogo inatumia nguvu yake kuzizungusha. Kwa njia zetu baki na 15 nyepesi, utie pesa kwenye tairi mpya. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mtumba iliyozeeka ina kashata nzuri na mpira uliokufa, na mvua za masika ndizo zitakazokuonyesha.

Usikate springi kuishusha gari. Springi iliyokatwa inaikalisha shokapu mwisho wa safari yake, na kila tuta linagonga chuma kwa chuma. Nunua springi fupi zenye shokapu zake, ushushe sentimita 2 au 3, ukapimishe magurudumu. Eksozi pana sana kwenye injini ya F inakupa kelele na kukupunguzia mvuto wa chini, kwa hiyo iache mwisho kabisa. Oili ya breki inanyonya unyevu, na kwetu unyevu haukosekani. Ibadilishe yote kabla hujafikiria kuongeza nguvu hata ya farasi mmoja. Na kama Levin uliipenda kwa picha za gari zinazoserereka kwa nyuma, zile ni AE86 za 1983 hadi 1987 zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hii yako inavutwa na ya mbele, haitafanya hivyo, wala usiilazimishe.

Kwa sasa usitoe arubuni kokote. Tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni, asiyejuana na muuzaji, umlipe haki yake ya siku hiyo, mwende naye asubuhi kwenye ile ya valvu 20. Ukiikanyaga breki ikavuta upande mmoja au pedali ikazama, msiijaribu barabarani. Ipandisheni juu kwanza. Nitumie namba nne za silinda, rangi ya moshi, picha ya kibati cha chini ya boneti na picha ya minara yote miwili ya shokapu. Nikiyaona hayo ninaweza kukwambia ina thamani gani, au uendelee kutafuta 4A-FE.